Hiyo hiari ya michango mashuleni ni ipi?

Mhariri, gazeti lenu nalisoma miaka mingi sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile habari yenu ya michango mashuleni, eti wazazi tunachanga kwa hiari, imenitoa kwenye kunyamaza.

Mwezi wa pili mjukuu wangu wa darasa la nne karudi nyumbani saa tatu asubuhi, daftari kalikumbatia kifuani. Wamesomwa majina mstarini, wasiolipa elfu mbili ya mtihani na hela ya mlinzi simameni pembeni, haya nendeni mkalete. Mama yake anauza vitumbua, siku hiyo hela yote ilikuwa imeishia kwenye mchele na mafuta. Mtoto hakulia, alikaa kizingitini anajisomea tebo ya saba kimya kimya asije akaachwa na wenzake, na mimi bibi yake nikageukia ukutani asinione machozi. Sasa nauliza hiyo ndo hiari? Nchi hii ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni 1976, kifungu cha 13 kinasema elimu ya msingi iwe ya lazima na bure kwa wote, 1991 tukaridhia na mkataba wa haki za mtoto nao unasema hivyo hivyo, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule wa kwanza ilishaandika tangu 1999 kwamba michango ya lazima, hata ile inayoitwa ya hiari wakati sio, nayo inaweza kuhesabiwa kama ada. Yaani hilo neno hiari walishalijua kabla yetu! Na elimu bila malipo tumeanza Januari 2016, mtoto anarudishwaje kwa elfu mbili?

Halafu akirudi shule kuna makonda wa daladala, wakiona sare tu wanafunga mlango, wanasema wanachukua mwanafunzi mmoja tu.

Mimi naomba kila tarehe tano shule ibandike karatasi getini, serikali imeleta shilingi ngapi, kwa watoto wangapi, mtendaji wa kata asaini. Ikipungua tuiteni kikao Jumapili jioni, wenye nacho tutatoa. Majina ya watoto yasisomwe tena mstarini.

Bibi wa wajukuu wanne,
Mbagala, Dar es Salaam