Risala ya klabu ya Jiografia kwa mgeni rasmi: joto la visiwa vya volkano

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wetu, shikamooni, na wanafunzi wenzetu mambo vipi.

Tunashukuru sana umeacha shughuli zako ukaja mpaka huku kwetu ziwani. Mwaka huu klabu tuliamua kusoma visiwa vya volkano vinavyobadilisha joto la hewa, na watu wakatuuliza nyie watoto wa Mwanza mna volkano gani? Kweli hatuna, majabali yetu haya ni granaiti ya zamani sana. Ila jabali ndo lilitufundisha. Saa nane mchana panda pekupeku pale kina mama wanapoanika dagaa, hukai hata dakika unaruka, halafu ingia ziwani hatua mbili tu unakuta maji poa, na jua ni lile lile. Mwamba unapata moto haraka, maji yanachelewa, basi hewa ya juu ya mwamba inapanda na upepo wa ziwani unaingia kushika nafasi yake, usiku inageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, wavuvi wetu wanaujua huo bila kufundishwa na mtu.

Sasa nenda Ngazidja kule Komoro, lava yake nyeusi, yaani mwamba ulioyeyuka ukatoka kwenye volkano ukapoa, inameza jua kwelikweli, na katikati umesimama mlima Karthala, mita 2,361. Hewa ya bahari ikigonga mlima inapanda, na kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, mvuke unageuka mawingu, mvua inashuka, ndo maana pwani mtu anatoka jasho na huko juu anatafuta sweta. Hawaii, kilele cha Mauna Kea mita 4,207 kinapata theluji na chini watu wanaogelea! Na Réunion, kisiwa kingine cha volkano kwenye Bahari ya Hindi, Januari 1966, kimbunga kilisukuma hewa juu ya milima, pale Foc-Foc zikanyesha milimita 1,825 ndani ya saa 24, yaani inapita mvua ya kawaida ya mwaka mzima hapa Mwanza. Hiyo ilitunyima usingizi.

Changamoto yetu mheshimiwa ni moja, tuna kipimajoto kimoja tu na tunakihamisha mbio mbio toka jabalini mpaka ufukweni, tukifika joto lishabadilika. Tunaomba vingine viwili na kipimamvua. Kisanduku cheupe cha kuwekea vipimajoto tumeshagonga wenyewe kwa mbao, kiko nyuma ya maabara, tunaomba ukitoka hapa upite ukione.

Naomba kuwasilisha.