Kulipia saa za kuruka: wapi pesa ya mzazi inafaa, wapi inapotea

Mzazi anayekuja afisini kwetu na kijana anayesomea urubani huwa keshamaliza vita vya ada ya skuli. Ameuza kiwanja Fuoni, au amekopa kwa ndugu akitegemea msimu wa karafuu Pemba. Sasa kijana amerudi kutoka Nairobi au Afrika Kusini na anasema zinahitajika pesa nyingine, za kujenga saa, yaani kukodi ndege ili aongeze saa alizoruka. Swali la mzazi ni fupi: tulipe au tusilipe?

Sisi hatuuzi saa wala hatupokei kamisheni ya skuli yoyote. Kazi yetu ni kupanga masomo ya urubani na kusoma mikataba kabla mteja hajatia saini, kwa hiyo tunajibu waziwazi. Lipa saa zinazodaiwa na leseni ya biashara ya urubani, ile inayomruhusu rubani kulipwa kwa kuruka. Ukishaipata leseni hiyo, usilipie hata saa moja isiyoongeza kitu juu yake.

Sehemu ya kwanza haikwepeki, na mzazi anastahili kujua kwa nini. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambavyo mamlaka za nchi wanachama hujengea kanuni zao, vinataka saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi, au 35 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Leseni ya biashara inataka saa 200, au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Marekani wamepandisha zaidi: 250 kwa njia ya kawaida na 190 kwa skuli yenye mtaala ulioidhinishwa. Ndani ya zile 200, saa 100 lazima uwe rubani mwenye dhamana ya ndege (70 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa). Saa hizo mwalimu hawezi kukupa kwa kukaa pembeni yako akikufundisha. Unakodi ndege, unaondoka nayo, unairudisha, na kila uamuzi wa njiani ni wako. Hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kununua saa, na si kosa la mtu yeyote, ndivyo sheria ilivyo.

Kosa huanza kwenye namna ya kuzitumia. Tumeona logibuku za vijana wetu, madaftari ya kuandikia saa za kuruka, zimejaa saa za asubuhi tulivu, uwanja uleule, mzunguko uleule, kurasa kwa kurasa. Saa zinahesabika, ndiyo. Lakini siku ya mtihani mkaguzi anataka mtu aliyewahi kupanga safari, akakuta wingu mahali asipolitarajia, akageuza njia na bado akafika na mafuta ya akiba. Kati ya zile saa za dhamana, 20 lazima ziwe za safari, na safari mojawapo iwe ya kilomita 540 au zaidi, ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kwa sisi wa visiwani hesabu hii inafaa kufanywa mapema. Kutoka Uwanja wa Abeid Amani Karume hadi wa Pemba ni kama kilomita 125. Ukienda na kurudi hujafika hata nusu. Hata ukiunga Unguja, Pemba, Tanga, kisha Unguja, unapata kama kilomita 335 tu. Kijana anayedhani atamaliza sharti hilo kwa kuzunguka nyumbani atajikuta analipia saa za ziada ambazo hakuzipanga.

Na bahari nayo si ya kuchezea. Kati ya Nungwi na ncha ya kusini ya Pemba kuna maji matupu ya takriban kilomita 50. Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, ikizimika injini yake moja ikiwa futi 3,000 juu, inateleza kama kilomita 8 hivi, basi. Anayeruka pale peke yake anahitaji jaketi la kuokolea limevaliwa mwilini, urefu wa kutosha angani, na mtu wa chini anayejua saa yake ya kufika. Mwanafunzi aliyevuka mara chache kwa mpango wa namna hii, msimu wa kusi na msimu wa kaskazi, ana hazina kubwa kuliko aliyezunguka juu ya uwanja mwezi mzima. Tukipangia mteja saa zake, tunaanza na safari za aina hii, halafu ndiyo tunatazama jumla.

Sasa bei. Ndege ndogo za mafunzo za injini ya pistoni nyingi hutumia petroli ya ndege, avgas. Zile ndege za Caravan mnazoziona zikipakia watalii zinatumia Jet A-1, mafuta ya ndege kubwa. Avgas ni adimu na ghali sehemu nyingi za Afrika, na Cessna 172 inakunywa lita 30 hadi 35 kwa saa. Juu yake kuna ukaguzi wa kila saa 100, na akiba ya injini, kwani injini nyingi za aina hiyo hupangiwa kufunguliwa na kutengenezwa upya kila saa 2,000. Mtu akikutangazia saa ya bei ya chini mno, muulize nini kimetolewa humo. Mara nyingi ni mafuta. Uliza pia saa inapimwa kwa kifaa kipi. Kuna mita inayoanza kuhesabu injini ikiwaka tu, hata kama mmesimama mnasubiri ruhusa ya kuondoka, na kuna ile inayofuata mzunguko wa injini, ambayo hutembea polepole mkiwa chini. Mwisho wa saa mia, tofauti ya mita hizo mbili ni pesa ya kweli.

Kubwa kuliko yote: msilipe furushi zima mbele. Punguzo la saa mia kwa mkupuo linavutia, tunajua. Lakini mwaka 2008 skuli ya Marekani iitwayo Silver State Helicopters ilifunga milango ghafla, ikaacha wanafunzi zaidi ya 2,000 na mafunzo yasiyokwisha, wengi wakiwa wamekopa kulipa ada yote. Ikiwa nchi yenye mahakama na benki za namna ile imetokea hivyo, mzazi wa Wete atamfuata nani? Lipa saa kumi kumi. Skuli inayokataa hivyo imekwishakwambia jambo.

Kuna na hili la kugawana saa. Marekani inaruhusu vijana wawili waruke pamoja, mmoja amevaa kifuniko asione nje, anafuata vyombo, mwenzake analinda usalama, na kwa masharti fulani wote wawili wanaandika muda ule kuwa wa dhamana. Gharama inagawanyika nusu kwa nusu. Kule ni halali kabisa. Lakini mamlaka ya nchi nyingine inaweza kukwambia ndege moja ina mwenye dhamana mmoja, ikakata saa hizo zote. Kabla ya kukata tiketi, iandikie mamlaka itakayokupa leseni (kwa wengi wetu ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na subiri jibu la maandishi.

Tuje baada ya leseni. Hapa ndipo vijana wanapoumia zaidi. Wanasoma kwamba rubani hapati kazi bila saa 1,500, wanarudi kwa wazazi kuomba saa 1,300 zilizobaki. Idadi hiyo ni ya leseni ya juu, ile ya rubani wa ndege za abiria kwa cheo cha kapteni. Marekani peke yake iliamua kuidai hata kwa rubani msaidizi wa mashirika ya abiria, sheria iliyoanza kufanya kazi mwaka 2013 baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009 na kuua watu 50. Na marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Onyo lilipotikisa usukani kwamba kasi imeshuka, kapteni alivuta badala ya kusukuma. Sisemi saa hazina maana. Ninasema mzazi asiuze nyumba kwa ajili ya tarakimu iliyowekwa na nchi nyingine.

Kampuni zinazorusha ndege ndogo kati ya Unguja, Pemba na bara zina masharti yao, na mara nyingi bima ndiyo inayoyaweka. Nenda uulize kila moja, uandike majibu, ndipo uone ni nini kinachokukosesha. Mara nyingi utakuta ni kibali cha kuruka kwa vyombo, bila kutegemea kuona nje, au cha ndege ya injini mbili. Saa za kusomea vibali hivyo nunua, zina mwisho na zina cheti. Njia tunayoipenda kuliko zote ni ualimu. Mwalimu wa urubani anaandika saa za dhamana huku analipwa, na anayemfundisha mwenzake kutua anajifunza kutua upya.

Kulipa kampuni ili ukalie kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, hapo tunakataa moja kwa moja. Kwanza, saa zenyewe zinaweza kuwa na kasoro. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa viwango vya ICAO, pale nchi inapotaka ndege kama hiyo iwe na msaidizi, msaidizi ana haki ya kuhesabiwa si zaidi ya nusu ya muda wake kuelekea leseni ya juu, isipokuwa mamlaka imeruhusu zaidi kwa masharti maalumu. Kwa hiyo mteja aliyelipia saa 200 anaweza kurudi na 100. Pili, na hili linatuuma, kiti kinachouzwa ni kiti ambacho kijana mwingine angeajiriwa nacho. Mtoto wa maskini mwenye uwezo hapati nafasi, na aliyelipa naye atatolewa pesa zake zikiisha, ili anayefuata alipe.

Ukija kwetu, njoo na logibuku halisi, cheti cha afya cha daraja la kwanza, na mkataba uliopewa hata kama hujautia saini. Mzazi na kijana waje pamoja. Tutahesabu kwanza saa za dhamana, za safari, za usiku na za vyombo, kisha tutaandika kwenye karatasi moja zilizobaki kununuliwa na bei yake. Kama hazijabaki, tutakwambia hivyo hivyo.