Jumamosi: mahali pa kukutania pamebadilika

Habari za jioni wazazi wenzangu,

Kikao chetu cha Jumamosi kuhusu usalama wa watoto shuleni hakijabadilika muda, ni saa 3:00 asubuhi, ila tutakutana maktaba. Ukumbi umeshapangwa madawati ya mtihani.

Kabla ya kukaa tutazunguka eneo la shule kwa nusu saa. Naomba tuanzie geti kuu, maana hapo ndipo roho yangu haitulii: kila asubuhi magari yanashusha watoto pande zote mbili za barabara, na wanaokuja kwa miguu wanapenya katikati yake. Tuone kama magari yanaweza kutumia geti dogo la upande wa uwanja.

1. Mwenye futi kamba aje nayo, tupime njia ya waenda kwa miguu.
2. Wazazi wa wanamichezo, watoto wenu ndio hutoka jioni. Tuonyesheni taa zisizowaka.
3. Mwalimu wa zamu atafungua saa 2:45. Tusimcheleweshe, amejitolea siku yake ya mapumziko.

Tafadhali andika hapa NAKUJA au SITAWEZA kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku. Usiyeweza kufika, tuandikie unachotaka tukikague.

Asanteni sana.