Mtoto halii chakula chooni

Mhariri, naomba kanafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Juzi nimekaa mgahawani na mwanangu wa miezi mitatu, tuko kona kabisa, nimejifunika kitambaa, ananyonya zake kimya hata meza ya jirani hawajui kinachoendelea, mara weita huyoo, kainama ananinong'oneza ati meneja anaomba nikanyonyeshee chooni. Chooni! Nikamuuliza, we chakula chako unakulaga chooni? Akacheka kwa aibu, maskini, najua katumwa tu.

Sasa wenye migahawa, nadhani wengi wenu hamjui hii kazi ilivyo. Kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, mchana na usiku, tumbo lenyewe dogo na maziwa ya mama yanasagika haraka, kwa hiyo hayo maneno ya "si ungemnyonyesha kabla hujatoka nyumbani" hayanisaidii. Nilimnyonyesha! Ndo ana njaa tena. WHO na UNICEF wanasema miezi 6 ya kwanza apewe maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, halafu aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka miaka 2 na zaidi, sasa mnataka nijifungie ndani muda wote huo? Na mkimcheleweshea ndo mnajiharibia wenyewe, atalia ukumbi mzima ugeuke, na mi huku maziwa yamejaa, kifua kinauma kama jipu, blauzi imelowa.

Uingereza sheria ya usawa ya mwaka 2010 imekataza mgahawa kumbagua mama kisa ananyonyesha, na Marekani majimbo yote 50 yanamruhusu kunyonyesha hadharani. Ila mi nasema hata pasipo sheria hili halina gharama.

Wala hatudai chumba chenye mapazia, mkiweka sawa, mi binafsi siendi kujitenga huko wakati chakula changu kinapoa mezani. Tunataka kiti chenye mgongo kisichobana viwiko (hivi virefu vya kaunta ni mateso matupu), meza ambayo haiko njiani weita anapopitisha sinia la vitu vya moto juu ya kichwa cha mtoto, na glasi ya maji, maana mtoto akishika ziwa tu na wewe kiu inakushika hapo hapo. Wanaotumia chupa nao msiwasahau, akiomba kupashiwa maziwa aliyoyakamua mleteeni bakuli la maji ya moto aitumbukize chupa mwenyewe, msiyatie kwenye maikrowevu, yanashika moto upande upande na mtoto anaweza kuungua mdomo. Halafu hiyo meza ya kubadilishia nepi kwa nini iko choo cha kike tu, kwani baba hana mikono?

La mwisho ni la mameneja. Ongeeni na maweita wenu mapema, siyo mpaka fujo itokee. Mteja akija kulalamika kwamba kuna mama ananyonyesha, muombeni kwa upole yeye ndo ahame meza, si hana mtu aliyemng'ang'ania kifuani.

Ni mimi, mama anayenyonyesha