Mabadiliko: kikao cha meno ya mbwa sasa ni Jumamosi

Habari zenu wapendwa, natumaini wote mko salama na mbwa wenu.

Daktari wa mifugo hatapatikana Jumapili, kwa hiyo tunakutana Jumamosi hii saa 5 asubuhi (11:00), bustani ya Tempelhofer Feld mjini Berlin, lango la Oderstraße, ndani ya uzio wa mbwa.

1. Mchango ni euro 8 kwa kila mbwa, wa brashi na dawa ya meno. Mwisho Alhamisi jioni.

2. Dawa za meno za binadamu tuziache nyumbani. Nyingine zina ksailitoli (kitia utamu badala ya sukari), na hiyo ni sumu kali kwa mbwa.

3. Hesabuni meno kabla ya kuja: mbwa mzima ana 42, mtoto 28.

Maneno ya Kijerumani ya kumwelewa daktari: Zahn ni jino (wingi Zähne), Milchzähne meno ya utoto, Fangzahn chonge, Backenzahn gego, Zahnfleisch ufizi. Zahnstein ni ugaga, yaani gamba gumu la meno, na hili ndilo nawaomba mlishike. Mwezi uliopita nilimwinua mbwa wangu mdomo nikakuta gego la nyuma limefunikwa gamba la kahawia, ufizi mwekundu, ukitoka damu nikiugusa. Kwa miezi mdomo wake ulinuka, nami nilidhani ni harufu ya chakula tu. Gamba likishakuwa gumu brashi hailiondoi. Husafishwa kliniki, mbwa akiwa chini ya Narkose, yaani usingizi wa dawa.

Tafadhali kila mmoja ajibu hapa NAKUJA au SIJI, pamoja na idadi ya mbwa, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Asanteni sana.