Ratiba imetoka, swahiba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na huo nitakueleza sababu yake. Barua yako niliipata nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema jioni zako siku hizi ni ndefu kama mwendo wa miguu. Mara ya pili sikucheka, maana nilikwama kwenye yale maneno yako: "Huko kituoni kwenu ni kwa wasanii, mimi nije kutafuta nini?" Yamenikera, nikaona nikujibu leo leo.

Ratiba ya kituo cha sanaa cha mkoa imetoka. Inaanza Machi mosi na kufika Mei 18, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho. Safari hii nimo kwenye kamati, kwa hiyo naijua hadi uvunguni. Nakala yako iko humu ndani ya bahasha. Utaona nimekata baadhi ya mambo kwa kalamu nyekundu. Hayo usijisumbue nayo. Usiku wa ufunguzi wa maonyesho, kwa mfano, nimeufuta kabisa. Hotuba zitakuwa ndefu, watu watajazana wakizipa picha mgongo, nawe utarudi nyumbani umeona mabega ya wenzako tu. Njoo siku tatu kabla yake.

Ufunguzi ni Aprili 15, Siku ya Sanaa Duniani. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Leonardo da Vinci, mwaka 1452, na UNESCO waliipitisha rasmi mwaka 2019. Siku tatu kabla ndipo tunapotundika picha, na hapo ndipo mgongo wangu ulipopatia maumivu mwaka jana. Usidhani ni kazi ya kupigilia misumari na kwenda zetu. Tunavuta uzi kutoka pembe moja ya ukumbi hadi nyingine, kwenye kimo cha sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu asiye mrefu wala mfupi. Kila picha katikati yake inakaa kwenye uzi huo, iwe kubwa kama mlango au ndogo kama daftari. Ukilinganisha vichwa vya picha, au nyayo zake, ukuta mzima utaonekana umelewa. Mmoja anashika pimamaji, mwingine ana penseli mdomoni, wa tatu anarudi nyuma hatua kumi na kusema "bado". Mimi nilipewa ncha ya uzi. Nikaishika karibu saa nzima nimesimama mbele ya picha moja ya rangi za maji, mto na mtumbwi mtupu, na hakuna aliyeniambia nipishe. Nilikuwa nimeshaipita mara tatu bila kuona kwamba mtumbwi ule haukufungwa.

Kumbe nikuonye: chumba cha picha za karatasi kina mwanga hafifu. Ukiingia utadhani umeme una mgao. La, ni makusudi. Mwanga huila rangi, na rangi ikishapauka hairudi. Mwanga wa leo unajumlishwa na wa jana na wa mwaka juzi. Ndiyo maana kazi za karatasi huwekewa luksi 50 tu, luksi ndicho kipimo cha mwanga, ilhali picha za rangi za mafuta huvumilia hata 200. Simama dakika mbili tatu, macho yatazoea. Wengi huchungulia, wakanung'unika, wakatoka.

Sasa Jumamosi. Jumamosi zote, asubuhi, kuna ufinyanzi, na hapa nimekuwekea nyota mbili. Ile aibu yangu sijawahi kukusimulia yote. Niliposhiriki mara ya kwanza nilifinyanga chungu kinene, nikaona fahari, nikakisukuma kiingie tanurini pamoja na vya wenzangu kabla hakijakauka sawasawa. Mwalimu aliuliza, "Kimekauka?" Nikasema kimekauka. Tulipofungua tanuri tulikuta vigae. Changu kilikuwa kimelipuka na kuondoka na bakuli la jirani yangu wa meza, bakuli alilolihangaikia wiki tatu. Alinitazama tu, hakusema neno. Ningependa angenitukana.

Watu husema chungu hupasuka kwa sababu ya viputo vya hewa. Hewa inasingiziwa. Mwenye kosa ni maji. Udongo unaweza kuonekana mkavu nje na ndani bado una unyevu. Joto likipita nyuzi 100 maji yale yanageuka mvuke, na mvuke hauna subira ya kutafuta njia, unaitoboa. Tangu siku hiyo nimefundishwa kukigusisha chombo shavuni. Ukihisi ubaridi, bado kina maji, kirudishe rafuni. Shavu halidanganyi kama kidole. Na ukifinyanga kikombe, kifanye kikubwa kuliko unavyokitaka, kwani kikishakauka na kuchomwa hupungua kama sehemu moja ya kumi, pengine zaidi.

Siku ya kufungua tanuri ndiyo siku yangu. Limechomwa hadi nyuzi kama 1,000, likazimwa, halafu hakuna ruhusa ya kuchungulia hata kwa dakika moja mpaka lipoe lenyewe. Mara nyingi ni siku nzima, wakati mwingine zaidi. Watu wazima wanazunguka lile tanuri kama watoto nje ya jiko. Mlango unapofunguliwa vyombo bado vina uvuguvugu, na ukivigonga kwa ukucha vinalia. Udongo mbichi haulii, swahiba. Huo mlio peke yake unatosha kukuamsha asubuhi ya Jumamosi.

Mambo mengine nayapitia haraka. Jumatano jioni kuna uchongaji wa chapa: unachonga mchoro kwenye kipande cha linoleamu, ile ile iliyobuniwa Uingereza miaka ya 1860 kwa ajili ya kufunika sakafu, unapaka wino, unagandamiza karatasi. Kumbuka kila kitu hutoka kinyume. Kila msimu kuna anayechonga jina lake vizuri kabisa, na likitoka halisomeki mpaka kwenye kioo. Machi 27 ni Siku ya Tamthilia Duniani, inayoadhimishwa tangu 1962, na vijana wetu wana mchezo wao. Nusu ya kwanza ni tamu. Ya pili, kwa maoni yangu, ina vilio vingi mno, nami niliwaambia, wakanitazama kama mtu wa zamani. Lakini mazoezi yao wiki mbili za kabla yako wazi kwa yeyote, na ukienda, pita chumba cha maleba. Utamkuta mfalme amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anashonewa pindo la joho huku analivaa.

Mwisho wa Aprili tumebanana. Tarehe 29 ni Siku ya Dansi Duniani, na 30 ni ya Jazi, moja nyuma ya nyingine, jukwaa lile lile, taa zile zile, na fundi wa sauti ni mmoja. Nilipiga kelele kwenye kamati tusogeze mojawapo, nikashindwa. Nikaambiwa tarehe hatukuziweka sisi, na ni kweli. Ya dansi imefuata siku aliyozaliwa Mfaransa Jean-Georges Noverre, mwaka 1727. Huyo bwana alitaka wachezaji wa ballet wavue vinyago, nyuso zao zionekane na mwili usimulie kisa, badala ya kurukaruka kwa madaha tu. Na mawazo yake hayo aliyaandika kwa mtindo wa barua, akayachapisha mwaka 1760. Kwa hiyo usinicheke na kurasa zangu hizi. Nenda siku ya dansi, ya jazi uamue mwenyewe. Mimi nitakuwa nimelala.

Nimeiacha Machi 21 hadi mwisho kwa makusudi, ingawa kwenye ratiba inazitangulia siku hizo nyingine zote za maadhimisho. Ni Siku ya Ushairi Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999. Miaka iliyopita tulikuwa na watu watano wanaosoma makaratasi bila kuinua macho, na wasikilizaji tisa, wanne kati yao ni ndugu zao. Mwaka huu nimeomba tufanye malumbano. Mmoja anatupa ubeti, mwenzake anaudaka na kujibu kwa vina vile vile, mizani ile ile, pale pale jukwaani. Mwenyekiti akaniuliza, "Na nani atakuwa mpinzani wako?" Nikataja jina lako. Limeshaandikwa, liangalie ukurasa wa pili, mstari wa nne. Limeandikwa kwa wino mweusi, hivyo kalamu yangu nyekundu haitakusaidia.

Usiniambie wewe si msanii. Nani alinijibu tarbia nzima nyuma ya daftari la hesabu huku mwalimu anaandika ubaoni? Nani alinihesabia mizani kwa vidole chini ya dawati, akanionyesha kwamba mstari wangu wa tatu ulikuwa na silabi kumi na saba badala ya kumi na sita? Ile ya kumi na saba bado inaniuma. Nimeingoja siku ya kulipiza.

Na nisingoje Machi. Naanza hapa hapa, tarbia, nane kwa nane, kina cha kati ni "ka" na cha mwisho ni "ni":

Mwenzangu umetoweka, umekaa kimya ndani,
Kalamu imekauka, imelala kabatini,
Udongo umekandika, unakungoja mezani,
Nijibu, wacha kucheka, zamu yako, wasemani?

Hesabu kwa vidole ukitaka. Nasubiri jibu kabla ya Machi, na barua isiyo na ubeti sitaifungua.

Ni mimi mwenzako wa dawati la nyuma.