Uduvi hajulikani kwa udogo

Ndugu Mhariri,

Sokoni Bagamoyo, kila kiduchu chenye ndevu kinachotoka baharini huitwa uduvi, na kwa jina hilohilo huandikwa kwenye daftari la mavuno. Humo wamo vifaranga wa kamba.

Uduvi wa kweli, ambaye kwa jina la kisayansi ni Acetes, hata akikomaa ni wa sentimita mbili, tatu hivi. Kifaranga wa kamba mweupe aliyejificha mikokoni, mlangoni mwa Mto Ruvu, ana urefu huohuo. Ila huyu akiachwa miezi michache hurudi baharini akawa kamba wa kuuzwa kwa kilo. Rangi nayo haisaidii, kwani wote wakiwa wabichi wanang'aa kama kioo.

Tazameni miguu. Mlaze mmoja chali kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, shika sindano na lenzi ya kukuza mara 10, uhesabu kifuani. Uduvi ana jozi 3 tu. Kamba ana jozi 5, na 3 za mbele zina vigando. Wengi hukosea kwa kuhesabu pia vile vikasia vya tumboni, ambavyo ni vya kuogelea na wote wanavyo. Wengine huhesabu kiungo kirefu cha mdomoni, ambacho kweli kinafanana na mguu. Hakina gando, kirukeni.

Wakavu wana kazi zaidi, maana miguu imekatikia guniani. Waloweke nusu saa katika maji vuguvugu wasivunjike, kisha tazama paji. Kamba ana upanga mrefu wenye meno ya msumeno. Upanga wa uduvi ni ncha fupi isiyopita macho. Upanga wa kamba ukivunjika, jino lake la nyuma hubaki juu ya gamba.

Mwenye mayai yaliyogandamana tumboni ni wa ukoo mwingine kabisa: uduvi na kamba hawa huyaachia mayai majini. Mtazame ubavuni, pingili ya pili imezifunika ya kwanza na ya tatu kama kigae.

Kwa anayepokea mzigo: chota juu, katikati na chini ya ndoo, changanya, hesabu 100, andika uduvi wangapi na vifaranga wangapi. Ukichota juu peke yake utahesabu wale waliopangwa kumvutia mnunuzi.

Msomaji wenu,
Bagamoyo